Juisi Aliyoitema

Wapo wanaochelewa siku ya kutambulishwa ukweni, wapo wanaovaa nguo fupi, wapo wanaojibu mkato. Pua alitema. Alitema juisi ya mama mkwe mtarajiwa, sebuleni kwa mama mkwe mtarajiwa, ndani ya chungu cha maua cha mama mkwe mtarajiwa, huku ukoo mzima ukimkodolea macho.

Msimcheke kwanza. Pua ni jina alilopewa na wenzake kazini kwa sababu kazi yake ni kunusa. Ndiye msimamizi wa mvinyo kwenye mgahawa mkubwa, ule wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaotembea kama wana haya na sakafu. Kila asubuhi hufungua chupa za siku na kuzionja: huzungusha glasi, hunusa, huvuta funda dogo kwa sauti kama mtu anayekunywa chai ya moto, hulizungusha mdomoni, halafu hulitema kwenye ndoo. Angekuwa anameza, adhuhuri isingemkuta amesimama. Sasa siku ile, woga umemjaa, macho hayabanduki usoni kwa mama wa watu, akakabidhiwa glasi ya juisi ya nanasi na tangawizi. Mkono ukazungusha. Pua ikanusa. Mdomo ukavuta funda. Uso ukakunjamana. Na kabla hajajua anafanya nini, pwii! Juisi hiyo, kwenye maua.

"Umeitema juisi yangu?" mama aliuliza, taratibu kabisa, na utaratibu ule ndio uliomtisha Pua zaidi.

Alijaribu kueleza, ulimi ukagoma. Alitoka pale analia, na tangu siku hiyo mama akawa amefunga mlango. Ukimtajia yule msichana, alikuwa anajibu neno moja tu: "Sitaki." Kijana wake alibembeleza, akanuna, akasusa chakula kama mtoto, wapi! Mama aliendelea kukaa na "sitaki" yake.

Na huyo kijana alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi. Hata Pua mwenyewe alimwita Fundi. Walijuana siku chumba cha mvinyo kilipopanda joto, akaja na begi lake la vyuma, akalala chali chini ya mashine, akawa anaomba bisibisi bila kujua anayempa ni nani. Alipotoka uvunguni akamwona anayempa, akasahau alichokuwa anatengeneza. Mpaka leo hukipitia chumba hicho kukikagua mara nyingi kuliko kinavyohitaji, na Meneja anajua, na ananyamaza.

Alasiri hii alitoka chumbani humo anafuta mikono kwa kitambaa. Pua alikuwa anapanga glasi kwa ajili ya wageni wa kuonja. Fundi alisimama mbele yake, akakohoa bila kikohozi.

"Mama anakuja," alisema.

"Anakuja wapi?"

"Hapa. Leo. Yeye na shangazi."

Glasi nusura imponyoke, akaidaka. "Na umengoja mpaka sasa hivi ndipo uniambie?"

"Ningekuambia jana, ungelala?"

"Nisingelala."

"Basi ndiyo hivyo."

"Mama yako aje mahali panapouzwa mvinyo? Si ameapa hakanyagi?"

"Nimempigia magoti. Nimemwambia aje mara moja tu, akuone ukiwa kazini, kisha aniambie neno la mwisho. Akisema ndiyo, Jumamosi tunakuja kwenu na posa. Akisema hapana..." Aliinamisha kichwa.

"Malizia."

"Akisema hapana, siwezi kuja bila yeye. Tulibaki wawili tu baada ya baba. Na unajua baba alivyokufa."

Alijua. Chupa ndiyo iliyommaliza baba wa watu, ikaanza na kazi yake, ikafuata samani za ndani, mwisho ikamchukua mwenyewe. Na mwana wa nyumba hiyo, kati ya wasichana wote duniani, akaenda kumpenda anayeshinda anafungua chupa.

Pua aliiweka glasi chini. Alimpenda huyu mtu mpaka kifua kilimuuma. Alipenda mikono yake iliyokwaruzika, alipenda alivyokuwa hawezi kudanganya bila masikio kumwiva. Kumkosa asingeweza hata kuwaza. Hata hivyo alisema, "Sikulaumu. Sitaki mume aliyemkanyaga mama yake ili anifikie. Nikikupata hivyo, kila nikikutazama nitamwona yeye analia."

"Usiongee kama unaniaga."

"Siagi. Najikaza."

Fundi aliichukua ile ile glasi akawa anaifuta, ingawa ilikuwa safi, na alipomrudishia vidole vyao vilikawia kuachana. Walitazamana. Halafu mlango wa mbele ukafunguliwa, na sauti ya shangazi ikatangulia kuingia kabla yake.

"Jamani baridi humu! Wifi, ungeniambia ningekuja na sweta!"

Nyuma yake alifuata mama, mrefu, amenyooka, mkoba ameukumbatia kama anayepita sokoni penye wezi. Pua alikwenda kuwapokea.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mama alijibu, kavu.

"Marahaba mwanangu, hujambo? Umekonda. Wifi, si amekonda?" Shangazi alikuwa dada wa marehemu, mnene, mchangamfu, na hakuna kimya alichowahi kukivumilia.

Mama hakujibu kama Pua amekonda au amenenepa. Alikaa kwenye meza ya pembeni, akatoa mkobani chupa ya juisi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaisimamisha mbele yake. "Mimi kwenye nyumba ya pombe sinywi hata maji," alisema. "Endelea na kazi yako. Nimekuja kutazama."

Basi akaendelea na kazi yake, roho ikiwa mkononi. Wageni wengine walikuwa wamekwisha kaa: mzee mmoja wa suti, mwanamke wa mkufu wa lulu na mumewe, na vijana wa ofisi moja waliokuwa wanacheka tu bila sababu. Kila meza ilikuwa na ndoo ndogo ya chuma. Kwenye kila sahani kulikuwa na vitamu: biskuti za lozi, vipande vya pichi, chokoleti nyeusi, na keki ndogo iliyomwagiwa asali mpaka inang'aa.

Pua aliichomoa chupa kwenye barafu, akaifuta maji, akashika kizibo na kuzungusha chupa taratibu mpaka ikatoa pumzi ndogo tu. Hapendi mlipuko. Anasema chupa ikipiga kelele, kilicho kizuri kimekwisha toka.

"Huu ni moskato," aliwaambia wageni, na ajabu, sauti ilipoanza kazi haikutetemeka. "Ni mvinyo mweupe wa Kitaliano, mtamu, una vipovu vichache. Haukusudiwi kulewesha mtu. Zabibu zikianza kuchacha, wenyewe wanaupiga baridi kabla sukari yote haijageuka kilevi, ndiyo maana utamu unabaki. Usinywe haraka. Unuse kwanza."

Shangazi alikuwa amekwisha kunywa. "Ah! Mbona hii kama soda iliyosoma?"

Vijana wa ofisi wakaangua kicheko. Pua naye alicheka bila kutaka, akamtazama mama kwa wizi. Mama hakucheka, lakini alikuwa anaifuata kwa macho kila hatua yake: anavyomimina nusu ya nusu ya glasi, anavyoshika chupa chini kabisa, anavyofuta tone kabla halijagusa kitambaa.

"Jaribuni na biskuti ya lozi," Pua alisema. "Halafu pichi. Mtaona mvinyo na pichi wanajuana, kama ndugu waliopotezana. Chokoleti nyeusi msiipe mvinyo huu, itaumeza wote."

Mzee wa suti alizungusha glasi yake. Akaingiza pua. Akavuta funda kwa mluzi, akalizungusha shavu hadi shavu, halafu, kwa heshima zake zote, akainama akalitema kwenye ndoo.

Mama alishtuka mpaka kiti kikalia.

"Wifi, umeona?" shangazi alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika jikoni. "Na yule mama wa lulu, mtazame. Naye huyo! Na mumewe! Haki ya Mungu, wote wanatema!"

Mama akapinda kidole. "Wewe binti. Njoo."

Pua alienda akasimama, mikono nyuma.

"Hawa watu wamechukizwa?"

"Hapana mama. Wanaonja."

"Mtu akionja anatema?"

"Wakimeza kila wanachoonja, watatoka humu wamebebwa. Wengine wana magari. Mimi nina kazi. Kwa siku naweza kuonja chupa nyingi sana, na jioni nikatoka mzima kama nilivyoingia."

"Kwa hiyo siku ile kwangu..."

"Nilikuwa na woga, mama. Akili yote ilikuwa kwako, mdomo ukabaki unafanya kazi peke yake kama upo hapa. Naomba unisamehe. Kile chungu cha maua nakiota mpaka leo."

Shangazi alifunika mdomo, mabega yakamtikisika. Mama alimkata jicho, akamrudia Pua.

"Sawa. Kutema nimekuelewa. Na uso je? Ulikunja uso kabla hujatema. Nilikuona. Ulikunja kama umelamba limau. Hilo nalo ni kazi?"

Hapo mwenzangu ungesema nini? Angeweza kusema ni woga vile vile, yakaisha. Lakini alikuwa anaulizwa kuhusu ladha, na kwa ladha Pua hajui kupindisha.

"Ilikuwa chachu, mama."

Biskuti ya shangazi ilikwama njiani. "Toba!"

"Juisi yangu?" mama aliuliza. "Chachu? Juisi ambayo mtaa mzima unaisifu?"

"Yenyewe si chachu. Mlinipa kwanza keki yenye asali, ndipo ikaja juisi. Ukila kitu kitamu kuliko kinywaji, kinywaji kinachacha mdomoni. Ndiyo sheria yetu hapa, kinywaji kiwe kitamu kuliko kinacholiwa, au angalau vilingane. Mama, nakuomba ujaribu. Kunywa juisi yako kwanza."

Mama alimtazama kwa muda, kama anayepima kama anadhihakiwa. Akafungua chupa yake, akanywa. "Tamu," alisema.

"Sasa hii keki kidogo."

Akala keki. Akatafuna bila haraka. Akanywa tena juisi yake, na uso wake wote, paji, pua na midomo, ukajikunja.

"Uso ule ule!" shangazi alipiga meza. "Wifi, uso ule ule kabisa! Laiti ungejiona!"

Kona ya mdomo wa mama ilicheza. Ilitaka kuwa tabasamu, akaibana. Pua aliliona, akapata matumaini kiasi cha kuthubutu kuvuta pumzi. Lakini mama alipangusa midomo kwa leso, na alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Kaa."

Kukaa na wageni kulikatazwa. Pua alimtupia macho Meneja aliyesimama kaunta, Meneja akaitikia kwa kichwa. Akakaa.

"Tuyaache ya juisi," mama alisema. "Juisi ningekusamehe hata bila keki. Baba yake naye alianza kwa kuonja. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, ananibebea kapu mpaka watu wanamcheka. Wewe leo unatema kwa sababu una furaha na unalipwa kutema. Ndoa si kila siku vigelegele. Mwanangu atakuudhi, maana ni mkaidi, amenirithi mimi. Utalia. Na chumba kizima cha chupa kitakuwa hapo, na funguo zake unazo wewe. Siku hiyo utatema?" Alisogea karibu. "Nakuuliza kitu kimoja, na ndicho kilichonitoa nyumbani. Umewahi kumeza kwa machungu?"

Pua aligeuza macho. Kule mbele, Fundi alikuwa amesimama karibu na jokofu la vinywaji, anajifanya anasikiliza mashine. Hakuwa anasikia maneno. Alimwona Pua anamtazama, akatabasamu, akamwonyesha dole gumba kwa siri. Neno moja tu, hapana, na Jumamosi angekuwa kwao amevaa kilicho kizuri, anamngoja. Nani angejua? Hata yeye Fundi hakuwa anajua.

"Nimewahi," alisema.

Shangazi alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Lini?"

"Siku ile nilipotoka kwako. Nilikuja moja kwa moja hapa. Hapakuwa na mtu. Nikaingia chumbani, nikafungua mvinyo huu huu, kwa vile ni mtamu na nilikuwa nasikia uchungu mpaka kooni. Nikanywa glasi nzima. Nikamimina ya pili."

"Ukainywa?"

"Nusu. Nikainua macho nikajiona kwenye kioo cha mlango, nimeishika chupa shingo, macho yamevimba. Na utamu wenyewe sikuusikia. Nikaogopa, mama. Sijawahi kuogopa vile. Kesho yake nikamrudishia Meneja funguo, na mpaka leo anakaa nazo yeye. Nikitaka kuingia, namwomba."

"Mwanangu anajua?"

"Hajui. Niliona haya."

Mama alimwangalia. Halafu alisimama, akaukumbatia mkoba wake, akaondoka mezani. Basi, yamekwisha, Pua alijisemea. Aliitazama keki iliyoumwa upande mmoja na machozi yakamtoka, akayaacha yashuke, maana ya nini tena kuyaficha.

"Usilie kwanza," shangazi alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Hakuelekea mlangoni."

Kweli. Mama alikuwa amesimama mbele ya Meneja.

"Samahani baba," alimwambia. "Funguo za chumba cha mvinyo anakaa nazo nani?"

Meneja alishangaa swali, akapapasa mfuko wa koti. "Ninazo mimi, mama. Alinirudishia mwenyewe. Sababu hakuniambia, na mimi sikumuuliza." Akazitoa, zikalia mkononi.

Mama aliziangalia zile funguo. Akashukuru. Akarudi mezani, akakaa, akauweka mkoba sakafuni. Tangu afike ndiyo kwanza uliachana na kifua chake.

"Baba yake alikuwa ananiapia," alisema, akitazama meza. "Kila siku. Sijanywa, mke wangu. Sijagusa. Siku moja alianguka mlangoni kwangu, ananuka mtaa mzima, akaniambia ni kizunguzungu. Nilikuwa namuuliza, namuuliza, ili tu anijibu kweli mara moja, nimshike mkono tupambane wote. Hakunijibu mpaka anazikwa." Aliinua macho, nayo yalikuwa yamelowa. "Wewe nimekuuliza mara moja."

Shangazi alikuwa anajifuta kwa kitambaa cha mezani cha mgahawa, wazi wazi.

Mama alivuta glasi tupu iliyokuwa karibu. Akaifungua ile chupa yake, akamimina juisi mpaka juu, si nusu ya nusu kama wanavyomimina huko. Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma ndoo ya kutemea mpaka mwisho wa meza, mbali.

"Haya," alisema. "Kunywa."

Pua alisuuza mdomo kwa maji, kama inavyotakiwa. Akashika glasi kwa mikono miwili. Hakuizungusha. Hakuinusa. Alikunywa yote, funda kwa funda, na shangazi alikuwa akihesabu kwa kichwa, mpaka glasi ikawa tupu. Nanasi lilikuwa limeiva vizuri, na nyuma yake tangawizi ikawaka kooni, machozi mapya yakamchuruzika.

"Ikoje?" mama aliuliza.

Pua alisita. Akakohoa. "Nzuri, mama. Tangawizi imezidi kidogo."

Shangazi aliacha kujifuta. Mama alikaa vile vile, amenyooka. Halafu lile tabasamu alilolibana muda wote likamshinda nguvu.

"Imezidi," alisema. "Ameitwanga huyu shangazi yako. Nilimwambia, akajifanya hasikii."

Shangazi yako. Pua alilisikia neno hilo likimwingia moyoni, akainama akamshika mama magoti, na mama akamwekea mkono kichwani.

"Inuka, watu wanatazama. Jumamosi tunakuja kwenu. Mwambie mama yako atupe juisi kwanza, keki baadaye. Na ile glasi moja na nusu, umwambie mwenzio mwenyewe, leo hii. Mimi sitamwambia. Ndani ya nyumba yenu sitaki mtu anayejifanya hasikii."

Fundi alikuwa ameshindwa kuvumilia, yuko nusu ya njia, bisibisi mkononi bila kazi. Pua alimfuata, akamvuta mpaka kwenye mlango wa chumba cha mvinyo, pale pale walipojuana.

"Amesemaje? Mbona unalia? Amesema hapana?"

"Amesema Jumamosi."

Alitaka kumkumbatia, Pua akamwekea kiganja kifuani kumzuia. Moyo wa mwanamume ulikuwa unapiga chini ya kiganja kile kama mashine iliyoharibika.

"Ngoja. Kuna jambo nataka kukuambia. Usinishike mpaka nimalize."

Fundi alitia mikono yote miwili mfukoni. Pua akaanza kusimulia, kuanzia chungu cha maua, na alipofika kwenye glasi ya pili, mikono ile ilikuwa imekwisha toka mfukoni, imemshika.